Msichana Niliyemzamisha

Nawaambia tu kwa sababu Emali nzima inajua tayari. Binamu yangu Mutua hucheza mchezo wa video wa meli za vita akisikiliza kila hadithi. Mimi hutaka mizinga tu. Sehemu mpya ilipotoka, niliruka maneno yote nikazamisha meli ya kwanza. Kumbe ilikuwa imembeba dadake nahodha wangu, ambaye nilitumwa kumwokoa, na mchezo ukakataa kunirudisha nyuma.

Ugali ulinishinda. Susu, nyanya yangu, akauliza kuna nini.

"Msichana amezama, Susu. Ni mimi niliyemzamisha."

Nikatoka mbio. Susu akampigia pasta simu.

Asubuhi akina mama wa kanisa wakafika na sukari ya rambirambi, wakiimba. Pasta akanishika bega. "Kijana, mwili umepatikana?"

Mutua akawasha mchezo kwenye televisheni. "Bado, Pasta. Lakini meli ndiyo ile."