Kigari Kilichobaki Rujewa

Mwanangu Sekela, siku niliyoachwa na basi nikiwa nimeng'ang'ania mpini wa kigari cha mtoto, naikumbuka mpaka rangi ya shati la konda. Lilikuwa la njano, limechanika kwapani. Nimeikumbuka tena jana mchana, nilipofungua simu nikakuta picha zako tatu za vigari na swali lako: "Mama, nichukue kipi?"

Nilitaka nikujibu haraka nirudi kwenye mpunga wangu niliouanika uani. Halafu nikasoma ulichoandika chini ya picha ya tatu, ile ya kigari kikubwa cha kijivu chenye magurudumu kama ya baiskeli. Uliandika, "Hiki ndicho nakipenda, paa lake linashuka mpaka miguuni." Nikakaa chini. Kuku wakaingia kwenye mpunga, nikawaangalia tu wanakula.

Najua kwa nini unataka paa la kushuka mpaka miguuni. Lusajo wako, mjukuu wangu wa kwanza, ana miezi minne, na nyayo zake zimegeukia ndani kama zako zilivyokuwa ulipozaliwa. Miguu kifundo, ndivyo madaktari wanavyoiita. Kuanzia wiki ijayo utakuwa unasafiri naye kutoka Kihesa, Iringa, kwenda Mbeya kila wiki, abadilishiwe plasta, miguu inyooshwe kidogo kidogo. Jumatatu utalala kwangu hapa Rujewa, Jumanne asubuhi umalizie safari. Ndiyo safari ile ile niliyosafiri na wewe. Kwa hiyo leo sitakujibu kwa maneno mawili. Leo utanisoma mpaka mwisho, maana kuna jambo la safari zile sijawahi kukuambia.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mke wa fundi seremala, tumepanga chumba na sebule hapo hapo Kihesa. Ulipozaliwa, wanawake wa mtaani walikuja kunipa pole ya uzazi. Wakakufunua khanga, wakakufunika tena haraka. Hakuna aliyenitukana, waliguna tu. Mmoja akaniuliza, tena kwa sauti ya upole, kama kuna kitu nilikula wakati wa mimba ambacho sikutakiwa kula. Sekela, swali lile liliniuma kuliko tusi. Tangu siku hiyo nikawa nakufunga blanketi hata jua likiwaka, na kanisani nikahamia benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango.

Daktari wa Mbeya alikuwa mtu wa maneno machache. Alikushika nyayo, akazigeuza taratibu, akaniambia, "Itanyooka. Lakini kila Jumanne nikuone hapa. Ukiruka wiki, mguu unarudi ulikotoka na tunaanza upya." Alikuwa anafunga plasta Jumanne tu. Nilitoka pale najua kwamba wewe kutembea au kutotembea kumo mikononi mwangu, na kazi yangu ni moja: kufika.

Plasta zenyewe zilikuwa nzito, kutoka mapajani mpaka vidoleni. Nikikubeba mgongoni zinanichubua kiuno, wewe unalia, na mimi nalia kimya kimya. Baba yako akasema tutafute kigari. Tukaenda sokoni kwa muuza mitumba mmoja aliyekuwa navyo viwili. Cha kwanza kilikuwa kidogo, chepesi, kitambaa chake chekundu kimepauka. Unakanyaga chuma cha nyuma, kinajikunja kama mwavuli, unakitundika begani kwa mkanda wake. Cha pili, weee! Cha bluu, kirefu, kina springi, kina paa kubwa ambalo ukilivuta mtoto haonekani hata ukucha. Muuzaji mwenyewe, mtu aliyekuwa anataka kuuza, aliniambia, "Dada, kama ni cha safari chukua hiki kidogo. Hicho kingine ni cha watu wenye bustani."

Mimi mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye paa. Sikukinyanyua nijue uzito wake. Sikukikunja hata mara moja nione kinakunjwaje. Baba yako alifungua mdomo aseme kitu, nikamkata jicho, akaufunga. Masikini baba yako, alikuwa anajua mbao na vyuma kuliko mimi, na siku ile angesema neno la maana.

Safari ya kwanza na hilo dude ilikuwa ya plasta ya tano. Jumatatu ile stendi ya Iringa vijana wawili walilinyanyua, na kwa kuwa buti la basi lilikuwa tupu, likaingia hivyo hivyo bila kukunjwa. Nikajiona mjanja. Tulipofika Rujewa, bibi yako mzaa baba, ambaye tulikuwa tunalala kwake, nyumba hii hii ninayokaa sasa, alikuja kutupokea. Nikapiga goti, nikamwamkia, "Kamwene." Akaitika, "Kamwene, mwanangu," kisha akakizunguka kile kigari mara mbili, mikono kiunoni. "Mama Sekela," akaniuliza, "hiki ni kigari cha mtoto au tela la ng'ombe?" Nikacheka kwa heshima, moyoni nikanuna.

Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi njia ya kwenda stendi ilikuwa tope tupu, magurudumu yakalibeba lote. Bibi yako alitusindikiza, akisukuma nami. Basi la Mbeya lilikuwa moja tu la asubuhi, na tulilikuta linaunguruma. Konda wa shati la njano akapiga bodi la basi kwa kiganja. "Mbeya, Mbeya! Chimala, Igurusi, Uyole! Mama, kunja hiyo kitu twende!"

Haya, kunja. Nikabonyeza huku, nikavuta kule. Kumbe upande wa kushoto palikuwa na pini imeshika kutu, haiendi mbele wala nyuma. Na kigari hakikunjwi mtoto akiwa ndani, na kumtoa mtoto ni kumfunua. Bibi yako akanyoosha mikono, "Nipe mtoto." Nikasema, "Hapana mama, nitaweza." Jasho linanitoka asubuhi ya baridi. Buti limejaa magunia ya mchele, hakuna pa kuingiza kitu kisichokunjika.

Sasa sikia, maana hapa ndipo ninapoona haya. Konda aliniambia, "Mama, iache hapo, panda na mtoto. Kiti cha mbele kipo." Na kweli kilikuwepo, nilikiona kwa macho yangu. Mlango ulikuwa wazi. Sikupanda. Sikupanda kwa sababu basi lilikuwa limejaa watu, na mimi ningekaa mbele yao wote na miguu yako mapajani mwangu, bila paa, kila mtu anaitazama mpaka Mbeya. Nikashika mpini. Konda akaguna, akapiga bodi, basi likaondoka.

Siku zote nimekusimulia kwamba kigari kilikataa kukunjika, basi likatuacha, na tukacheka wote. Si kweli, mwanangu. Mimi ndiye niliyeliacha basi. Nilikuwa tayari miguu yako ipotee kuliko watu waione. Nisamehe.

Bibi yako hakunifokea. Alisubiri basi lipinde kona, kisha akaniuliza, "Unamficha nani?"

Nikalivuta paa lishuke zaidi.

"Nakuuliza wewe, Mama Sekela. Mtoto hajaiba. Wewe hujaiba. Huyo unayemficha ni nani?"

Nikaanza kulia. Akasema, "Lia, lakini lia ukitembea. Jumanne ndiyo hii." Akaingiza mikono chini ya lile paa, akakutoa, akavuta blanketi akalitupia begani mwangu. Ukabaki na plasta zako mbili nyeupe zinaning'inia, unashangaa watu. Akakuinua juu katikati ya stendi, akapaza sauti, na yule mama alikuwa na sauti ya kufukuza ndege shambani: "Jamani! Huyu ni mjukuu wangu, anaitwa Sekela. Anakwenda Mbeya kunyooshwa miguu, na daktari wake ni leo tu. Nani anakwenda Mbeya?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Haikupasuka. Muuza vitumbua akasogea, akakutazama vizuri, akasema, "Ni hii tu? Mtoto wa kaka yangu alizaliwa nayo hii. Saa hizi anachunga ng'ombe, ukimtuma hushiki hata vumbi lake." Mzee mmoja akagonga plasta kwa kidole, akaniuliza kama ni saruji. Watu wakacheka, na mimi, huku machozi hayajakauka, nikacheka. Dereva wa fuso lililokuwa linapakia mchele pale mashineni akaita, "Mama, mbele ninayo nafasi ya mtu mmoja na mtoto. Hicho kigari tu ndiyo hakiingii."

"Hakiendi," bibi yako akamjibu. Akafungua kitenge chake kiunoni, akakufunga nacho kifuani kwangu, miguu yako nje, huku na huku.

Tulifika daktari akiwa ameshavua aproni yake. Akanitazama, tope mpaka magotini, akaivaa tena. Alipomaliza kukata plasta ya zamani akakugusa wayo, akaniita nione: ulikuwa umeanza kutazama mbele. Nilisimama pale nikafikiria kile kiti cha mbele nilichokikataa, nikaomba kukaa.

Kile kigari hakikusafiri tena. Bibi yako alikibebea pumba na madumu ya maji miaka mingi, na lile paa langu la fahari akalikata akafunikia vifaranga. Kiunzi chake bado kipo nyuma ya banda, ukija utakiona. Mimi nilirudi sokoni Iringa, nikakikuta kile kidogo chekundu bado kinaning'inia. Yule muuzaji hakuniuliza kitu. Alikikunja tu, akanitundikia begani.

Nacho ndicho tulichomalizia safari zetu. Watu walitazama, ndiyo, wakauliza, nami nikazoea kujibu: miguu kifundo, anatibiwa, inanyooka. Siku moja basi liliposimama Makambako, mama mmoja kijana alinifuata nyuma ya vibanda vya mahindi, akatazama huku na huku, akafunua khanga akanionyesha nyayo za mwanawe. Nikamwelekeza hospitali, nikamwambia ni Jumanne. Ningekuwa na lile paa, yule dada asingetuona.

Basi mwanangu, na wewe kijana mwingine yeyote ambaye Sekela atakupa barua hii usome: chukua kile cha picha ya kwanza, kidogo cheusi. Lakini usikinunue kwa macho. Nenda dukani na mtoto. Mshike kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili ukikunje. Ukishindwa hapo dukani penye kivuli na kiti, stendi utaumbuka. Kisha kitundike begani, mpakate mtoto, panda ngazi zozote zilizo karibu, kisha ushuke. Wakikushangaa, waache. Angalia kama mgongo wa kigari unalala, maana Lusajo hajaanza kukaa. Kile cha picha ya katikati ni kizuri lakini ni cha mtoto anayekaa mwenyewe. Mkanda upite mabegani na katikati ya miguu, na uhakikishe plasta zinapita bila kubanwa. Breki je? Wewe unakaa Iringa, mji uko juu ya kilima, na Mbeya nako ni mabonde na milima. Kiweke kwenye mteremko kikiwa tupu, ukanyage breki, ukisukume. Kikienda hata kidogo, kirudishe.

Paa la kuzuia jua linatosha. Kumtoa mtoto kwanza, kukunja baadaye, usigeuze, vidole vyake vidogo visije vikabanwa. Na kitenge usikiache nyumbani. Vigurudumu vile havipendi tope letu la huku Usangu. Pakiwa pabaya kunja, mfunge kifuani, tembea. Na ikitokea siku kigari kikagoma na basi linaondoka, kiache hapo hapo chini. Panda na mtoto. Umenisikia, Sekela? Panda na mtoto.

Watu watatazama. Wengine watauliza maswali ya kijinga, na mmoja lazima atakuuliza ulikula nini. Mwambie ulikula ugali. Sisi hatuna cha kuficha, na yule mtoto atajifunza kwako namna ya kuitazama miguu yake. Wewe ulijifunza kwa bibi yako, bahati nzuri, si kwangu.

Mungu aliyempa bibi yako sauti siku ile akupe na wewe ya kwako. Aulinde usukani wa kila dereva atakayekubeba, amfikishe Lusajo kila Jumanne, na miguu yake ikue iende mbali kuliko yetu, na siku zote ijue njia ya kurudi nyumbani. Jumatatu nitakuwa pale pale stendi. Mshushe bila blanketi, plasta nje, nimwinue watu wa Rujewa wamwone. Na wewe shuka nyuma yake taratibu, mwanangu, nikutazame unavyotembea.