Abiria Asiyetiwa Kwenye Kopo

Saa saba mchana, jua la utosini. Barabara ya Ilala haina mtu, hata mbwa wamejificha. Sadalla Mgeni anasimamisha rikisho lake, kile kigari cha magurudumu mawili kinachovutwa na mtu, kwenye kona ya makaburi. Anainamisha mikono ya mbao, anatazama mbele, anangoja.

Nyuma yake hakuna kishindo cha mguu. Lakini mikono ya gari inamnyanyukia viganjani, kama inavyofanya kila mtu anapokaa kitini. Sadalla anasema bismillahi, anaanza kuvuta.

Ukimwona, huwezi kudhani ana mambo kama haya. Ni mtu wa miraba minne, mcheshi, anayependa kahawa kuliko chakula.

"Sigeuki," anasema. "Mwanamke aliyejistiri akiniita, nainamisha macho mpaka akae. Ndiyo heshima ya kazi hii. Waume zao wanatuamini kwa hilo."

Siku ya kwanza alisikia sauti tu: "Baba, nipeleke Kariakoo, mwanangu ananingoja." Akampeleka. Sokoni uzito ukatoka, nauli hakuiona. Alidhani ametapeliwa, akajicheka. Kesho yake akaitwa tena, palepale, kwa maneno yaleyale.

Bahati mbaya ilikuwa wiki ya hesabu. Mwaka huu wa 1934 wakubwa wanataka kujua biashara ya kubeba watu inazalisha nini mjini, kuanzia rikisho hadi malori. Karani Rajabu amewekwa langoni mwa soko na makopo yake. Kila abiria anaposhuka, Rajabu anatia kunde moja kwenye kopo la aliyemvuta. Mwenye kunde chache kuliko wenzake atanyang'anywa kibali. Sadalla amefiwa na mke, ana mabinti watatu, na siku njema hupata shilingi moja na nusu. Hana kazi nyingine.

"Shikamoo, Mzee Sadalla," Rajabu humwambia. "Umekuja mtupu tena."

"Marahaba. Mtupu vipi, mwanangu? Na jasho hili je?"

Wenzake walimsihi azungukie mtaa wa Gerezani, abebe watu wanaoonekana. Hakukubali.

"Naogopa, sikufichi. Nywele zinanisimama," anasema. "Lakini mama wa watu anamwendea mtoto wake. Nitamwachaje juani?"

Jumamosi, siku ya mwisho, Sadalla alikuwa amepungukiwa na kunde moja tu. Alifika langoni saa saba na ushei, akihema, akaomba ahesabiwe.

"Geuka basi, nawe uone kama kuna mtu," Rajabu alimwambia.

"Nimkodolee macho mke wa watu?"

Hapo mikono ya gari ikamlemea Sadalla, kama mtu ameshuka. Rajabu, aliyekuwa akitazama kiti, aliona mto wa pamba uliobonyea ukiinuka taratibu wenyewe. Kisha, anasema, harufu ya karafuu maiti ikampita usoni, ikaingia sokoni.

Karani alishika kunde juu ya kopo. Mwisho akairudisha mfukoni.

"Wakiniuliza abiria huyo ni nani, niseme nini?" anasema Rajabu, na hadi leo hapendi kusimama karibu na kile kiti. "Nilimwonea huruma mzee. Sikuweza."

Kibali cha Sadalla kinakwisha mwisho wa mwezi. Amekwisha kuomba kazi ya utingo kwenye lori la abiria la Saif bin Ghanim, mwenye duka la vitambaa, ambalo litapita njia hiyohiyo ya Ilala. Saif amekubali kumchukua. Kilichomshangaza Saif ni sharti alilopewa na Sadalla: kila siku saa saba mchana lori lisimame kidogo kwenye kona ya makaburi.

"Pale kuna abiria wangapi?" Saif alimuuliza.

"Mmoja."

"Analipa?"

Sadalla alitazama chini.

"Halipi, bwana. Nauli yake utanikata mimi."