Nguzo Nilizoziweka za Nne

Miaka ile ya hamsini nilikuwa karani wa mgodi hapa Mpanda, na kwa kalamu moja mfukoni nilijiona mtu mkubwa. Kisha mwamba ukadondoka ndani ya shimo la pili, ukamuua fundi wa mbao, mtu wa Nsemulwa. Kikao cha uchunguzi kilikaa asubuhi nzima. Mwishowe meneja, Mzungu, akanitajia kazi sita za kufanya, akaniambia nizipange mwenyewe, za haraka zitangulie, maana mimi nawajua watu wangu. Nilifurahi. Furaha ile bado inaniuma.

Kusimika nguzo mpya za kushikilia mwamba ilikuwa kazi ya mafundi wa mbao, na wote waliobaki walikuwa ndugu wa marehemu. Walikuwa wamelala mikekani msibani, na kwetu mfiwa hashiki shoka mpaka matanga yaanuliwe. Ningewaitaje? Niliona haya. Nikaandika taa ya kwanza, halafu ngazi, halafu kengele. Nguzo nikaziweka za nne, zisubiri matanga, nikidhani nimewaheshimu wafiwa. Kulifunga lile shimo kwa muda hakukuwemo katika zile kazi sita, nami sikuuliza. Meneja akasoma, akatia saini, akausifu mwandiko wangu.

Kesho yake msimamizi akamtuma shemeji yangu, mume wa dada, aingie shimo la pili kufunga taa, kwa kuwa taa ndiyo ilikuwa ya kwanza. Mwamba ukashuka tena. Walimtoa jioni, na mimi ndiye niliyepelekwa Ilembo kumwambia dada.

Dada hakujua kusoma. Siku ya mazishi alinishika mkono, akanivuta pembeni.

"Kaka, wewe unakaa na wakubwa ofisini. Wamesemaje? Mume wangu alikosea nini?"

Nilikuwa na jibu, lilikuwa limenijaa kinywani. Nilikuwa mwoga tu.

"Hakukosea kitu, dada," nikasema. "Ni kazi ya Mungu."

Alijifuta macho kwa pindo la kanga.

"Basi nashukuru umeniambia. Nyie wa ofisini mngenificha, ningeumia zaidi."

Akawageukia wanawake waliokuwa jikoni, akawaomba waniletee uji, maana kaka yake hajala tangu jana. Wakaniletea. Nikaunywa mbele yake mpaka ukaisha.