Kurasa Nyeupe za Kitabu cha Boila

Nilifungua kitabu cha maelekezo ya boila kwenye kompyuta, nikakuta majina ya sura zote yapo upande wa kushoto. Upande wa kulia, pale penye maelezo, nyeupe pe.

Nikabofya sura nyingine. Nyeupe. Nyingine tena. Nyeupe.

Na muda huohuo mtu aliyenilea alikuwa amesimama mbele ya boila hiyo, anasubiri nimwambie abonyeze kitufe au asibonyeze.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikiruka mtasema natunga.

Mimi ni fundi wa kompyuta kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali. Kiwanda kiliachwa na baba mkwe, wakarithi watoto wake wawili: mke wangu, ambaye ni mhasibu, na kaka yake, ambaye ni bosi wa kila kitu mpaka sabuni ya chooni.

Shemeji huyo hanipendi. Na mimi simpendi, tusidanganyane. Siku ya harusi yetu alisema mbele ya watu kwamba dada yake ameolewa na mtu wa kubofyabofya. Kazini ananiita "mtaalamu", kwa sauti ambayo watu huitumia kutukana.

Ana sheria moja kali. Kila faili likae kwenye folda ya pamoja, kwenye seva. Ukikutwa na nakala kwenye kompyuta yako, kazi huna. Aliiweka baada ya dereva kupeleka mashuka hospitali isiyo yake kwa kufuata ratiba ya zamani aliyoihifadhi kwake. Sheria ina mantiki, sikatai, ila yeye aliigeuza kuwa fimbo.

Asubuhi hiyo boila, mtambo wa kuchemsha maji unaotupa mvuke wa kufulia na kupigia pasi, ikazima yenyewe. King'ora kikaanza kulia, na kwenye kioo chake kidogo pakaandikwa E7.

Mwendeshaji wa boila ni shangazi yangu. Wazazi wangu walipofariki ndiye aliyenichukua, akanisomesha kwa mvuke wa boila hiyohiyo.

Shemeji akaja amefura. "Kitufe chekundu hicho hapo. Bonyeza iwake, mashuka yanasubiriwa."

"Bosi, ikizima yenyewe ina sababu," shangazi akamjibu. "Kitabu kinasemaje kuhusu E7?"

"Kitabu kililowa maji kikaoza, unajua vizuri. Bonyeza!"

"Si kuna kile cha kwenye kompyuta? Mwanangu alikishusha."

Ni kweli. Nilikuwa nimekipakua kwenye tovuti ya watengenezaji, nikakiweka kwenye folda ya pamoja kama sheria inavyotaka. Sikuwa nimewahi kukifungua.

Shemeji akanigeukia. "Haya, mtaalamu, kasome. Mashine za pasi zikipoa kabla hujarudi, shangazi yako atabonyeza, au atachukua mkoba wake aende nyumbani. Na wewe utamsindikiza."

Ndiyo nikakimbilia mezani kwangu, nikakutana na weupe ule.

Shemeji alikuwa amenifuata, akainama nyuma yangu huku pumzi yake ikinipiga shingoni.

"Kumbe ulituletea makaratasi matupu?" Akacheka peke yake. "Ndiyo maana nilimwambia dada. Funga hiyo takataka. Faili halina kitu, hakuna cha kusoma humo."

Akaondoka. Nilitamani kumrushia kibodi, na sioni aibu kulisema.

Nikavuta pumzi, akili ikarudi. Faili la aina hii likitoka mtandaoni, mfumo wa kompyuta hulishuku. Unakuachia uone majina ya sura, lakini maelezo unayafungia, lisije likawa limebeba kirusi. Nikafungua sifa za faili. Chini kabisa kulikuwa na maandishi madogo: faili hili limetoka kwenye kompyuta nyingine, huenda limezuiwa.

Nilijua nimelitoa kwa wenyewe. Nikaweka tiki pa kuondoa kizuizi, nikalifungua tena.

Nyeupe vilevile!

Nikapiga meza ngumi mpaka dada wa mapokezi akaruka.

"Vipi tena?" akauliza.

"Seva," nikamwambia. Hapo hapo ndipo wazo liliponijia. Faili likikaa kwenye seva, mfumo unalihesabu kama bado liko nje. Ondoa kizuizi utakavyo, maelezo hayafunguki mpaka faili likae ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Kwa hiyo sheria ya shemeji ndiyo iliyotufumba macho kiwanda kizima.

Nikasema potelea mbali. Nikalinakili kwenye kompyuta yangu, nikaondoa kizuizi, nikafungua. Maandishi yakajaa kioo.

E7: maji yamekauka ndani ya boila. Usiwashe tena kwa hali yoyote. Watu watoke chumbani, iachwe ipoe, kisha ukague maji yanayoingia. Ikiwashwa ikiwa bado ya moto inaweza kupasuka.

Sikuzima hata kompyuta. Nikatoka mbio.

Ofisi ya shemeji iko njiani. Nikausukuma mlango nimpigie kelele asimamishe kila kitu. Hakuwepo, lakini kompyuta yake ilikuwa inawaka.

Kwenye kioo chake kulikuwa na kitabu kilekile. Ukurasa uleule. E7, maneno yote yanasomeka.

Nikasimama kama mjinga. Faili lile halikufunguka kutoka kwenye seva, mnajua sasa. Kama limefunguka pale, basi analo ndani ya kompyuta yake, kinyume cha sheria yake mwenyewe, na kizuizi alikiondoa kwa mkono wake. Na huyu ndiye anayejidai hata kuwasha printa hajui.

Alikuwa ameshasoma. Amesoma, halafu akaja kuniambia hakuna cha kusoma.

Sikumbuki nilivyofika chumba cha boila. Ninachokumbuka ni kwamba shemeji hakuwa ndani. Alikuwa nje, nyuma ya ukuta mnene wa zege, ametoa kichwa tu mlangoni.

"Bonyeza, mama!" alikuwa anapiga kelele. "Huyo kijana wako kashindwa, faili ni tupu!"

Shangazi kidole kiko kwenye kitufe. Macho yamejaa machozi.

"Shangazi, toa mkono!" nikapasua koo. "Hakuna maji humo! Itapasuka! Toka nje!"

Akautoa mkono kama aliyeunguzwa, akatoka.

Kelele zikakusanya watu wa pasi na wa kukunja. Mke wangu naye akashuka kutoka uhasibuni. Nikawaeleza yote, pamoja na kile nilichokiona kwenye kioo cha kaka yake.

"Muongo!" shemeji akafoka. "Anataka kiwanda!"

Fundi bomba hakubishana na mtu. Alizunguka nyuma, akarudi akijifuta mikono. Koki ya kuingiza maji kwenye boila ilikuwa imefungwa, na bomba jipya limeunganishwa kupeleka maji upande wa pili wa ukuta, kwenye banda la kuoshea magari ambalo shemeji alilifungua kimyakimya. Ufunguo wa koki anao yeye peke yake.

Kila mtu akaelewa. Boila ikipasuka mkononi mwa shangazi, kosa ni la shangazi, na habari ya bomba lile inazikwa. Na shangazi asingekuwepo kujitetea.

Mke wangu akamgeukia kaka yake. Kisha akauonyesha mlango wa chumba cha boila.

"Kaka, unasema ni salama. Ingia, ubonyeze wewe."

Shemeji akarudi nyuma hatua moja. Halafu nyingine.

"Nipe funguo za kiwanda," mke wangu akasema. Akampa.

Shangazi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanishika mkono.

Nimewaandikia haya kwa sababu wengi wenu mna mabosi na ndugu wa namna hii. Kizuizi usikiondoe mpaka ujue kiliwekwa kwa ajili gani, kiwe cha kompyuta au cha moto. Na mtu akikuhimiza ubonyeze, angalia kwanza yeye amesimama wapi.