Maana Mbili za Dischaji

Rehma, mpika chapati wa Kondele, alipigiwa simu na nesi wa wodi alikolazwa mumewe Idd baada ya kupasuliwa tumbo. "Mama Nuha, leo kuna dischaji." Rehma akaacha unga kwenye karai, akabeba shati na viatu vya mumewe, akapanda boda huku akiwapigia jamaa kwamba Idd anarudi.

"Pole, Mama," nesi alimwambia wodini alipoona vile viatu. "Nilimaanisha kidonda kinatoa usaha. Ruhusa ya kwenda nyumbani nayo inaitwa hivyo hivyo. Mwalimu wetu wa chuo cha uuguzi alisema asili ya neno hilo ni kushusha mzigo."

Idd, hamali wa sokoni, alicheka akishika tumbo. Rehma hakucheka. Alizunguka kitanda cha mumewe hadi jioni, akimuuliza kila daktari aliyepita kama usaha umepungua. Kidonda kilikauka baada ya siku tisa.