Wadakaji Wawili wa Hazim

Hakuna aliyemfungia Hazim mlango pale Ibra, Omani. Alikuwa na gari, alikuwa na mshahara katika duka la ami yake la saruji na vigae, na kila Ijumaa sahani yake ya wali ilimngoja. Ungemwambia mtu kwamba kijana yule amenaswa, angekucheka, na kicheko hicho ndicho kilichomchosha Hazim kuliko duka lenyewe.

Alisoma takwimu Marekani, Ohio. Baba yake alipofariki alirudi na begi moja, akidhani anakuja kuzika tu. Matanga yalipokwisha, ami yake Abdullatif akamwekea mkono begani mbele ya watu, akatangaza kwamba tangu siku ile Hazim ni mwanawe na duka ni lake. Nani angekataa, mbele ya wazee wale, udongo wa kaburi haujakauka viatuni? Tiketi ya kurudi ikapitwa na muda wake. Ndivyo maisha ya kijana yanavyoamuliwa kwetu, kwa mkono mmoja begani, na wakubwa wanauita huruma. Lililo baya zaidi ni kwamba kweli ni huruma.

Kitu alichokuja nacho kutoka Ohio kilikuwa mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Hakuupenda kwa kuutazama tu. Alicheza ile ligi ya simuni, ambayo unajipangia kikosi cha wachezaji wa kweli na wanayoyafanya uwanjani wiki ile yanakuwa pointi zako. Kazi ngumu humo ni kuchagua wadakaji wa pembeni, wale wanaotimka mbio kwenda kudaka mpira wa mbali. Mdakaji anaweza kukimbia mechi nzima asirushiwe hata mmoja. Ili umpate aliye sahihi lazima ujue beki gani atamkaba, upepo utavuma vipi, na nani anaficha maumivu ya paja. Hazim alikuwa na jicho la mambo hayo.

Sinan, aliyekaa naye chumba kimoja chuoni, alikuwa amefungua Maskati kampuni ndogo ya kuwashauri wacheza ligi hizo. Alimtaka mchambuzi mmoja, na hakutaka kuchagua kwa urafiki. Akaweka mtihani wa mwezi: kila wiki uweke wadakaji wawili kikosini kabla mechi zao hazijaanza, na atakayemaliza juu ndiye atakayepata kazi. Wiki ya mwisho ilipofika Hazim alikuwa mbele, akimzidi kidogo tu binti mmoja wa Nizwa aitwaye Alyaa.

Abdullatif alimwona ameinamia simu dukani, akauliza kama ile ni kamari. Hazim akaapa kwamba hakuna pesa ndani yake.

"Basi ndiyo mbaya zaidi," ami yake akasema. "Mcheza kamari japo ana tamaa ya kurudi na kitu nyumbani."

Duka zima likacheka, na Hazim akacheka nao. Habari ya Maskati hakuitaja.

Wiki ile ile akafariki Bibi Kaltham, mama yake Abdullatif, bibi yake Hazim. Wanaume wakakaa matanga katika sabla, ukumbi wa ukoo, na Hazim, kijana wa nyumba, akawa mmiminaji kahawa. Dele, lile birika la kahawa, mkono wa kushoto, vifinjani mkono wa kulia. Unammiminia mgeni kidogo, akinywa unamwongeza, na humwachi mpaka akitikise kifinjani chake kuonyesha ametosheka. Kumpa kisogo kabla ya hapo ni kumwambia aondoke.

Jumapili, siku ya pili ya matanga, ndiyo ilikuwa siku ya mechi. Mdakaji wake wa kwanza alikuwa anacheza Marekani, usiku. Wa pili timu yake ilikuwa London, na mechi ingeanza karibu na Magharibi ya Ibra. Huyu paja lilikuwa linamsumbua tangu katikati ya wiki. Hazim alihisi Alyaa atamkwepa, na kwamba yeye Hazim akimshikilia, na mdakaji akacheza, hatafikiwa tena. Baada ya Alasiri majina ya watakaocheza yakatoka, na mdakaji yumo. Hazim akashusha pumzi. Akaiacha simu mfukoni, ameipanga itikisike kwa habari za mtu yule mmoja tu, akarudi kumimina.

Jua likielekea kushuka akaingia Mzee Muhanna kutoka Samad Ash Shan. Yeye na marehemu walikulia mtaa mmoja Unguja. Hazim akamwamkia shikamoo, akammiminia. Mzee akanywa, akaongezwa, kisha akakishika kifinjani kifuani akaanza kueleza jinsi Kaltham alivyokuwa akiwashonea kofia wao watoto wa jirani na kuwatoza nyimbo badala ya malipo.

Hapo simu ikatikisika.

Hazim alijua bila kuitazama. Mdakaji wa London ameumia akipasha mwili moto. Mbadala wake alikuwa tayari, kilichotakiwa ni kugusa kioo mara mbili. Akasogeza mguu. Abdullatif, upande wa pili wa ukumbi, akatikisa kichwa kidogo sana. Mzee Muhanna naye akauona mguu ule.

"Usiondoke, baba," akasema, machozi yakimchirizika ndevuni. "Una uso wake. Niache nikutazame."

Hazim akabaki pale na dele lake. Kifinjani hakikutikiswa mpaka muadhini alipoadhini.

Baada ya sala akatoa simu. Mechi imeanza, mdakaji wake amekaa benchi na barafu pajani. Alyaa alikuwa na mtu mwengine.

Kesho yake, wageni wa mwisho wakiaga, ukaja ujumbe wa Sinan. Kazi ameipata Alyaa. Akauliza vipi Hazim, kati ya watu wote, amemwacha mgonjwa kikosini. Hazim akaandika kwamba alikuwa kwenye matanga ya bibi yake, akausoma, akaufuta. Alitaka aipate kwa kushinda, si kwa kuhurumiwa. Huruma alikuwa nayo ya kutosha.

Abdullatif akaja akakaa ubavuni pake. Akamwambia wazee wote wamemsifu, kwamba Muhanna ameondoka moyo umetulia. Halafu akauona uso wake, akadhani ni msiba, akaanza kumliwaza.

Hazim akamkata maneno. Akamweleza yote kwa sauti ya chini: Maskati, mtihani, simu iliyotikisika. Abdullatif alisikiliza, tasbihi imesimama kidoleni.

"Ungeniambia, mwanangu."

"Ungeniruhusu, ami?"

Ami yake akatazama mlango ambao wageni walipitia. Angeweza kusema ndiyo. Isingemgharimu kitu tena.

"La," akasema. "Nisingekuruhusu."

Kila mmoja alimpenda mwenzake, na hakuna aliyejua afanye nini na mapenzi hayo. Kisha Abdullatif akainuka, akamkumbusha kwamba asubuhi kuna lori la vigae la kushusha, akazima taa za upande wake.