Sauti ya Mwanamke wa Peja

Mama alikuwa na rovu shingoni kwa miaka mingi, na sisi watoto tulilizoea kama tulivyozoea sura yake. Mwaka ule wa mvua kubwa likaanza kumkaba. Dada yangu, muuguzi Dar es Salaam, alikuwa amemtafutia nafasi ya upasuaji, ila ilikuwa ya mwezi uliofuata. Mama akaja kwangu Makanyagio, Mpanda mjini, kutoka makazi ya wakimbizi ya Katumba, kungoja. Asubuhi moja akaamka anavuta pumzi kwa mluzi. Daktari wa Mpanda alimpima, akaniambia pembeni, "Asingoje. Treni ipo leo, mpandishe."

Nilikuwa na mtoto mchanga, sikuweza kumsindikiza mama. Nikamkabidhi kwa jirani aliyekuwa anasafiri treni hiyohiyo, lakini yeye angeshuka Dodoma. Mama alikuwa hajawahi kufika Dar, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo, akiongea zaidi Kirundi.

Treni ilipoondoka nikakimbilia posta kumpigia dada. Simu ya wodini kwake iliita, iliita, ikakatika. Hapo nikaikumbuka peja yake.

Ilikuwa kidude anachokifunga kiunoni, kinachopokea maneno machache na kulia. Unapiga simu kwa karani wa kampuni ya peja, unamwambia ujumbe, naye anautuma. Wakati huo wakubwa wa Dar walishaanza kutembea na simu za mkononi, nene kama tofali, na wenzake dada walimcheka. Yeye alisema simu zao zinapoteza mawimbi wakiingia ndani ya jengo la hospitali, peja yake inalia hata kwenye chumba cha upasuaji.

Karani aliyepokea alikuwa mwanamke. Nikaanza kumweleza rovu, daktari, jirani, Dodoma. Akanikatiza kwa upole.

"Dada, nafasi ni ndogo. Nani anakuja?"

"Mama."

"Anakuja na nini?"

"Treni. Imeondoka sasa hivi huku Mpanda. Anapumua kwa shida, na hajui mji."

"Basi tuandike hivi: *Mama yuko kwenye treni ya Mpanda. Hali mbaya. Mpokee stesheni.* Sawa?"

Nilisema sawa, nikaanza kulia. Simu ikakatika kabla sijamshukuru.

Peja hairudishi jibu. Nilirudi nyumbani sijui kama ujumbe umefika au umeanguka njiani. Siku zile nilinyonyesha mtoto bila kumtazama. Hatimaye mtu wa parokia, walikokuwa na simu, akaja mbio kuniita.

"Yuko wodini," dada alisema kabla sijamwamkia. "Wamemtoa rovu. Amelala."

Ndipo akanisimulia. Siku niliyopiga simu alikuwa mapumzikoni, akifua, na peja imelala kwenye mkoba chini ya kitanda. Hakuusikia ujumbe wa kwanza. Kesho yake ikalia tena, maneno yaleyale. Safari hii chini yake yalikuwepo mengine ambayo mimi sikuyasema: *Dada, ukiupata huu nipigie, nami nipate amani.*

Akampigia. Yule karani akasema, "Mungu asifiwe. Zamu yangu iliisha jana, nikaenda nyumbani, usingizi haukuja. Nikasema leo nitautuma mpaka uusome."

Dada akamkuta mama stesheni, ameketi juu ya furushi lake, midomo imeshaanza kubadilika rangi. Daktari alimwambia dada kwamba mama asingefika wiki nyingine.

Alipopata nafuu, mama alikataa kurudi Mpanda kabla ya kumwona huyo mwanamke. Alikuwa amesafiri na dumu la asali kwa ajili ya madaktari. Dada akampeleka ofisini kwao, bandeji bado shingoni, sauti ikitoka kama mnong'ono. Mama hakujua aseme nini kwa Kiswahili, akamwekea dumu lote mezani.

"Na madaktari, mama?" dada akauliza.

"Watapata siku nyingine," mama akanong'ona kwa Kirundi. "Huyu ndiye aliyenikumbuka."

Mama aliishi, akalima, akawabeba wanangu wote mgongoni. Dada aliendelea kufunga peja yake hata wenzake wote walipopata simu, mpaka huduma yenyewe ilipofungwa. Mimi sikumwona yule karani kwa macho yangu. Jina lake mama aliniambia, akalitoa kwa mjukuu wake aliyefuata, binti yangu, na kila ninapomwita aje kula, ninashukuru.